Dari ya Mzee Marwa

Robi aliponipigia simu kuniambia kwamba baba mkwe wake amefariki, sikulia. Nilikuwa nachambua mchele kibarazani kwangu Mwanza, nikaendelea kuchambua mpaka nikajikuta natupa mchele na kubakiza chuya. "Amekwenda vizuri, dada," akasema. "Jana jioni nimempa uji kwa mkono wangu, akamaliza bakuli. Asubuhi hakuamka." Mtu asiyewajua angedhani binti anasimulia habari za baba yake mzazi. Kesho yake nikapanda basi la Tarime, na kutoka Tarime mjini nikachukua bodaboda mpaka kule juu milimani, nikakaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai nikisikiliza watu wakimsifu marehemu. Kila aliyeshika kipaza sauti alitaja dari. Mzee Marwa alipiga dari ya kanisa, Mzee Marwa alipiga dari ya ofisi ya kata, Mzee Marwa dari zake unaweza kulala chini yake na mvua ya mawe usiisikie. Nikawa naitazama ile nyumba ya mwanawe, Chacha, ng'ambo ya ua, kona ya nyuma ambako bati linakutana na ukuta, na nikasema moyoni, jamani, hakuna hata mmoja wenu atakayesema? Hakuna aliyesema. Msibani watu husema mazuri, na mimi mwenyewe nilipopewa kipaza sauti nilisema alikuwa mwenyeji mwema, nikarudi kukaa.

Nilikuwa msichana nilipofika pale, nesi mpya kabisa, cheti bado kinanukia bahasha. Habari za nilikozaliwa hazina kazi hapa. Inatosha mjue nilitoka Kilosa, kwenye joto, na kwamba sikuwa na sweta. Serikali ilinipanga kwenye zahanati ya kijiji ambacho asubuhi huoni mtu aliye upande wa pili wa barabara kwa ukungu. Zahanati haikuwa na nyumba ya mtumishi, kwa hiyo nikapewa chumba katika nyumba ya Chacha, kile cha mwisho, kwa sababu Chacha mwenyewe alikuwa mlinzi kule Kerende, upande wa migodini, na mkewe Robi alikuwa akilala peke yake. Ilikuwa nyumba nzuri, ya matofali ya kuchoma, bati jipya, umeme ulioingia majuzi tu, na dari ya hadibodi iliyonyooka, kila kiungo kimepigiliwa ubao mwembamba uliorandwa. Wageni walikuwa wanaingia, wanatazama juu kwanza, ndipo wanasalimia. Mimi nilichoona ni baridi. Baridi ya mle ndani ilikuwa na tabia ya kukushukia kichwani, na nilikuwa nalala nimejifunga kanga kichwani kama mtu anayeumwa meno. Robi alinicheka sana. "Nesi, hii si baridi. Subiri mwezi wa saba." Nikamwambia mwezi wa saba mtanikuta Kilosa.

Tulikuwa tunakula jikoni kwa Mama Chacha, mama mkwe wake Robi, nyumba ya udongo yenye moshi na joto, pahali pekee katika boma lile ambapo vidole vyangu vilikuwa vinakunjuka. Ugali wa muhogo na mtama, mweusi, mzito, na mgagani uliochemshwa mpaka uchungu ukaisha kisha ukamiminiwa maziwa. Mama Chacha alikuwa mnene, mcheshi, mwepesi wa kufoka, na alipenda kunilisha hadi niombe poo. Mzee Marwa alikula peke yake nje, kwenye kibaraza cha nyumba yake, sahani yake ikipelekwa na mkewe. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, kofia haitoki kichwani, na penseli ya fundi nyuma ya sikio hata siku ya Jumapili. Alipopita uani Robi alishusha sauti na kugeuka pembeni. Mimi nikadhani wamegombana. Siku moja mvua imeanza, nami najitia ukarimu, nikasimama mlangoni kwa Chacha nikaita, "Mzee, shikamoo! Njoo ndani unywe chai, unalowa huko!" Weee! Robi alidondosha kikombe. Mzee alisimama kwenye mvua kana kwamba nimemtukana, halafu akageuka akaenda zake. Mama Chacha ndiye aliyenieleza, huku anacheka na huku amekasirika. "Mwanangu, kwetu baba mkwe haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Pale kuna kitanda cha mkwe. Kitanda cha mkwe hakionwi, hakisemwi, hata kwa mzaha." Nikauliza, sasa nani alipiga dari ile? "Yeye. Alipiga kabla Robi hajaja. Robi alipoingia, yeye alitoka, na hajakanyaga tena." Nikasema basi huyo mzee ni fundi asiyeruhusiwa kuiona kazi yake, na Mama Chacha akaniambia nile ugali unapoa.

Robi alijifungua kabla ya wakati, mimba ya miezi saba. Uchungu ulimshika shambani, tukampeleka hospitali Tarime, akafanyiwa operesheni, na akatoka mtoto wa kike ambaye kichwa chake kilikuwa kama embe dogo. Walikaa hospitali mpaka mtoto akaweza kunyonya, halafu wakaruhusiwa, na masharti wakanipa mimi: mtoto akae kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, na chumba kiwe na joto usiku na mchana. Hilo la kifuani lingetosha kama Robi angekuwa mzima. Lakini kidonda cha operesheni kilipata usaha, homa ikampanda, kuna saa alikuwa anatetemeka mpaka mtoto naye anatetemeka juu yake. Mama Chacha alimchukua, nami nikitoka kazini nilimchukua, nikalala naye kifuani, mtu ambaye sijazaa, nikasikia moyo wake unavyokwenda mbio. Nilimpenda. Sina sababu ya kuficha hilo. Jina walikuwa hawajampa, wakimwita Mgeni, na mimi nikamwita hivyohivyo, Mgeni, Mgeni, kunywa basi maziwa.

Chacha alileta hita ya umeme kutoka Nyamongo, jirani na kazini kwake, yenye waya mbili zinazoiva nyekundu, akaiweka kwenye chumba cha Robi, na akirudi kazini alikuwa akinunua umeme kwa simu na kututumia zile namba tuingize kwenye luku. Sasa niwaambie kilichonitia wazimu mwaka ule. Hita inawaka, ukiisogelea inakuchoma miguu, lakini ukisimama wima kichwa chako kiko kwenye baridi. Ukiizima, kabla hujapanga nguo za mtoto, chumba kimerudi kama nje. Namba za Chacha zilikuwa zinaisha kabla hajapata mshahara. Umeme ukikatika, na kule ulikuwa unakatika mvua ikikohoa tu, Mama Chacha alikuwa anataka kuingiza jiko la mkaa, nami namzuia mlangoni kwa mikono miwili. "Mama, mkaa kwenye chumba cha kulala unaua kimyakimya, hata mtu hastuki!" "Na baridi je, haiui?" Tukakubaliana chupa za maji ya moto zilizofungwa kanga. Nikimpeleka mtoto kwenye mizani pale zahanati, mshale haupandi. Wiki ikapita, haupandi. Ananyonya, hatapiki, haharishi, hapandi. Nilijua maana yake. Maziwa yote anayokunywa anayachoma kujipasha moto, na chumba kinampokonya.

Chacha alipopata ruhusa alikuja na mirija ya silikoni. Siku nzima alikuwa juu ya meza, anaziba kila mstari ambapo dari inakutana na ukuta, anaziba tundu la waya wa taa, anaziba pembeni ya dirisha. Alipomaliza, chumba kilikuwa kizuri kama cha hoteli. Baridi ikabaki palepale. Jioni nilikuwa naosha vyombo nyuma ya jiko, nikamsikia anamwuliza baba yake kibarazani. Waliongea Kikurya kisha Kiswahili, kama wafanyavyo. "Tata, kuna mahali ulipoacha kule juu? Joto linaondoka." Halafu sauti ya mzee: "Dari yangu?" "Nauliza tu, Tata." "Mura, kijana wangu, mimi nimepiga dari kabla hujaota meno. Dari yangu haipitishi hata mchwa. Tafuta kwenye milango yenu." Chacha akasema sawa, Tata. Kesho yake akarudi Kerende. Nimelifikiria jibu lile miaka yote hii, na bado likinijia naweza kuacha kula.

Msiniletee methali ya ufa na ukuta, nilipewa na kila aliyepita uani. Nilichotaka mimi ni kujua ufa uko wapi. Nikakumbuka moshi. Siku hiyo Robi alikuwa amekaa jikoni na mtoto kifuani, homa imetulia, nami na Mama Chacha tukajifungia chumbani na dawa ya mbu ya kuwasha. Tukaizungusha taratibu, ukutani, mlangoni. Moshi ulipanda wima bila wasiwasi. Tulipofika kona ya nyuma, juu ya kichwa cha kitanda, moshi ukainama. Ukalala kabisa, ukateleza kwenye ufito wa pembeni ya dari na kupotea nyuma yake, pale ambapo silikoni ya Chacha haikugusa kwa sababu ufito ulikuwa umeificha nafasi ile. "Umeona?" nikasema. Mama Chacha hakuamini vitu vidogo. Akatoka, akarudi na kikaango cha makaa chenye majani mabichi ya mkaratusi, moshi mzito wa kutoa machozi, tukakiweka chini na kutoka mbio tukafunga mlango. Hatujafika uani tukasikia, "Moto! Nyumba ya Chacha! Moto!" Mzee Marwa alikuwa amesimama, kofia imeanguka, anaelekeza kidole. Chini ya bati, kona ile ile ya nyuma, moshi ulikuwa unatoka kama kwenye bomba la kiwanda. Majirani walishaanza kuja na ndoo. "Hakuna moto, baba Chacha!" mkewe akapiga kelele huku anakohoa na kucheka. "Tunatafuta tundu! Tumelipata!" Watu wakacheka, ndoo zikashushwa. Mzee hakucheka. Aliutazama moshi ule mpaka ukaisha. Halafu akaokota kofia yake na kuniambia mimi, si mkewe, "Nesi, nitapanda mwenyewe."

Hilo halikuwa jambo dogo. Mlangoni asingeweza kupita, kwa hiyo alisema atafungua bati kwa nje na kuingia darini kutokea juu. Hata hivyo atakuwa juu ya chumba cha mkwe wake. Mama Chacha alinivuta pembeni akasema watu watasema. Nikasema acha waseme, mtoto haongezeki. Akavua kitenge cha mabegani na kuanza kutoa amri. Kitanda kikatolewa chumbani kikaingizwa changu, godoro likaviringishwa, mapazia yakashushwa, nguo za Robi, ndala zake, kioo chake, kila kitu, mpaka chumba kikabaki sakafu tupu, ili mzee akichungulia kwa bahati mbaya asione cha mkwe. Robi na mtoto wakakaa chumbani kwangu. Nikasikia ngazi inagonga ukuta, misumari inang'olewa, na kumbe udongo wa kuzibia alikuwa ameshaukanda kabla hajafungua bati la kona ya nyuma kuona kilichopungua. Siku ile niliona ni ufundi tu. Akapandisha ndoo za udongo uliokandwa na majani makavu pamoja na vipande vya matofali, mkewe akimpa kutoka chini, na tukamsikia anatambaa juu ya vichwa vyetu, anapumua kwa nguvu, anakohoa vumbi. Robi alikuwa ameinamisha uso muda wote. "Yuko wapi sasa?" akaniuliza kwa kunong'ona, kana kwamba kujua alipo mzee ni kosa.

Mlio ulipotokea nilidhani ukuta umeanguka. Tukakimbia. Mguu wa Mzee Marwa, mzima, mpaka pajani, ulikuwa unaning'inia katikati ya chumba cha Robi. Alikuwa amekosea boriti akakanyaga hadibodi. Suruali imechanika, damu inatiririka kwenye muundi, kiatu kimeanguka sakafuni, na juu tunamsikia anahema, kwa maana mguu wa pili umekunjwa vibaya na mikono imeshika boriti. "Mzee, usitikisike!" nikapaza sauti. Mama Chacha alikuwa nje amepanda ngazi, hawezi kumfikia, anaita jina lake. Na chumba kitupu! Tulikuwa tumekitoa kila kitu, hakuna meza, hakuna kiti, hakuna hata ndoo ya kusimamia. Mimi mfupi, bega langu halimfikii, nikanyoosha mikono kama mtoto anayetaka pera, nikaambulia kushika kidole gumba chake. Mbao zikalia tena. Robi akanipa mtoto. Sikuwa nimemwona akifungua kanga, nilijikuta tu nimemshika Mgeni. "Robi, kidonda chako," nikasema. "Robi, hapana!" Alikuwa mrefu, yule mwanamke. Akaenda chini ya ule mguu, akaukamata kwa mikono yote miwili, akauweka begani kwake, akasema kwa sauti ya kawaida, sauti ambayo tangu aolewe hajawahi kuitumia kwa mtu yule, "Tata, kanyaga hapa. Kanyaga. Nimekushika."

Nilimwona mzee hataki. Mguu ulikaza, ukakataa kulemea. Nadhani angechagua kuanguka, kama chaguo lingekuwa lake tu. Robi akarudia, "Kanyaga, Tata, mtoto anasikia baridi," na ndipo uzito ukashuka begani mwake, magoti yake yakainama kidogo, akatoa sauti ambayo mimi nesi nikaielewa, ya kidonda kinachovutwa, akasimama imara. Mguu ukasukuma ukapanda. Ukapita kwenye tundu, ukapotea, tukabaki tunatazamana na damu kwenye gauni lake begani. Halafu tukasikia anaanza tena kupiga udongo kwenye ukuta, pole pole, pa, pa, pa, mpaka alipomaliza, na alipomaliza akaomba kipande cha hadibodi akaziba tundu la mguu kutokea juu. Alishuka akaenda nyumbani kwake. Mguu wake niliusafisha mimi, nikaushona, na hakunitazama usoni hata mara moja.

Nitasema na haki yake. Kazi ile ilishika. Tulirudisha kitanda, tukawasha hita, na chumba kikabadilika kuwa pahali pengine. Unaizima hita, unapika, unakula, unarudi, joto bado limekaa. Namba za Chacha zikaanza kubaki. Mimi mwenyewe nikafungua kanga kichwani, kwa sababu hata chumbani kwangu kule kushukiwa na baridi kulikoma. Na mshale wa mizani ukapanda. Nilipiga kelele pale zahanati, wagonjwa wakadhani nimechanganyikiwa. Robi alipona homa, akanenepa uso, akamwimbia mtoto mchana kutwa. Uani nikawa namwona mzee amesimama mbali, anauliza kupitia mkewe, "Joto linakaa?" na jibu linarudi kupitia mkewe, linakaa. Zile zilikuwa siku nzuri, na nina hasira nazo mpaka leo kwa kuwa fupi.

Mgeni alishikwa na kichomi mwisho wa mvua. Alianza kukataa ziwa asubuhi, mchana mbavu zinaingia ndani, tukakodi gari mpaka Tarime, akawekewa hewa, na akafa kesho yake mikononi mwa mama yake nikiwa nimesimama pembeni. Nimekuwa nesi miaka mingi tangu hapo, nimeona watoto wadogo kuliko yule wakitoka wazima, na siwezi kula yamini kwamba kilichomuua ni hiki au kile. Lakini najua hivi: mtoto wa aina ile, wiki zake za kwanza ndizo akiba yake ya maisha, na yeye akiba yake aliitumia yote kupigana na baridi ya chumba. Tulipoziba alikuwa ameanza kuweka upya, kidogo kidogo. Kichomi kikamkuta hana kitu mfukoni.

Tulimzika, na kabla udongo haujakauka maneno yakaanza. Niliyasikia kwenye foleni ya mashine ya kusaga, wanawake wamenipa mgongo. "Mguu wa baba mkwe umeingia chumbani, wewe unategemea nini?" "Na yeye akaushika kwa mikono! Akauweka begani!" "Mtoto angeponaje?" Nikawatukana, Mungu anisamehe, nikawatukana kwa Kiluguru wasichokielewa, nikaondoka bila unga. Nyumbani ikawa hivyohivyo, kwa heshima zaidi. Ndugu wakaitwa. Wakakaa uani kwenye viti na magogo, na mdogo wake Mzee Marwa, mzee mmoja aitwaye Nyamhanga, ndiye aliyeongea kwa niaba ya ukoo. Alisema taratibu, bila ukali, jambo lililonifanya nimchukie zaidi. Alisema mwiko umevunjwa, nyumba imechafuka, na mtoto ndiye aliyelipa. Alisema mwanamke aliyemgusa baba mkwe wake arudi kwao, akae huko mpaka wazee watakapoona la kufanya, na Chacha asimfuate. Chacha alikuwa amekaa kichwa chini. Nikamkodolea macho aseme, mwanamume, sema neno! Akazidi kuinama. Robi alikuwa mlangoni pa nyumba yake, kanga nyeusi kichwani, maziwa yamelowesha gauni kifuani na hakuna wa kuyanyonya. Mama Chacha alinishika mkono nisisimame.

Mzee Marwa ndiye aliyesimama. Alisimama vibaya, kwa sababu ule mguu haukupona sawasawa, na akavua kofia, kitu ambacho sijawahi kumwona anafanya. Mkutano wote ulikuwa wa Kikurya, Mama Chacha ananitafsiria sikioni, lakini yeye aliongea Kiswahili, na nadhani alitaka hata mimi mgeni nisikie. "Nyamhanga, kaa," akasema. "Robi haendi popote. Mguu wangu haukumuua mtoto." Watu wakaguna. Akangoja wanyamaze. "Wakati Chacha anaoa, ile kona ya nyuma nilikuwa sijaimaliza. Hadibodi nilishapiga, lakini juu ya ukuta, kule ndani, nilikuwa sijajaza. Nikasikia vigelegele barabarani, wanamleta bibi harusi, kabla ya siku tuliyopatana. Nikashuka na nyundo yangu nikatoka. Nikajua siwezi kurudi tena mle. Nikasema ni kona tu, nani ataiona. Sikumwambia mtu, kwa sababu mimi ndiye Marwa wa dari." Akamwonyesha mwanawe kwa kofia. "Chacha aliniuliza. Hapo kibarazani, aliniuliza kwa adabu. Nikamjibu kwa kiburi. Nikamwona mama yake anabeba chupa za maji ya moto kila siku, nikakaa kimya. Nikamwona mtoto hapandi mizani, nikakaa kimya, mpaka moshi uliponitoa. Baridi iliyomdhoofisha mtoto ilipita mahali nilipopajua. Kama kuna mwenye kesi, ni mimi. Robi alinishika nisivunjike, basi."

Nyamhanga alitazama chini. Chacha aliinua kichwa na kumtazama baba yake, macho mekundu, mdomo wazi. Niligeuka mlangoni, na Robi alikuwa anakuja. Alipita katikati ya viti vya wanaume, jambo ambalo nalo halifanywi, akasimama mbele ya mzee, karibu, akamtazama usoni.

"Tata," akasema.

Mzee akainua uso.

"Ungesema." Akakunja mikono kifuani juu ya gauni lililolowa. "Ungesema tu, Tata. Hata kwa kupitia mama. Hata kwa kupitia nesi. Ungesema, 'Kona ya nyuma,' maneno mawili tu, tungeziba sisi wenyewe, na wewe usingekuja, na mwanangu angekuwepo."

"Ni kweli," akasema mzee.

Robi alingoja kama kuna lingine. Halikuwepo. Akageuka, akarudi ndani, na mlango ukafungwa. Ndugu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wengine bila kuaga, Mama Chacha akaingia jikoni, mimi nikamfuata Robi. Ilipita miaka kabla ya lile bakuli la uji, nami nilikuwa nimeshahamishwa, sikuona lilivyoanza. Dirishani nilimwona Mzee Marwa amebaki amesimama palepale uani, kofia mkononi, ameegemea mguu mzima, na hakuna aliyemwambia akae.